Zizi la Kioo

Gunia la pamba halina adabu. Ukilipanga vibaya linaweza kutulia wiki nzima kama mgeni aliyeshiba, halafu siku moja likateremka bila kumwomba mtu ruhusa. Ndivyo lilivyofanya gunia la juu kabisa sebuleni kwa Mzee Ngassa, Nyakabindi, asubuhi ambayo watu wote walikuwa uani wakinywa uji. Lilishuka, likagonga pembe ya tangi la samaki la Eufrasia, na kioo kikapata ufa kutoka chini hadi katikati.

Eufrasia alisikia maji kabla ya kuona ufa. Aliacha kikombe, akakimbilia ndani, akakuta mkeka umelowa na samaki wake wawili wamebaki kwenye maji ya kina cha kiganja. Dume alikuwa akihangaika huku na huku, rangi zake zote zimefifia. Jike alikuwa amejibanza nyuma ya kigae cha chungu, mdomo ameufumba. Eufrasia aliyachota maji yaleyale ya tangi akayatia kwenye ndoo, kisha akawahamisha mmoja mmoja kwa kikombe, polepole.

Baba yake alikuja akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Zizi lako la kioo limevunjika," alisema.

Hilo ndilo jina alilolipa tangi lile tangu siku lilipoingia nyumbani kwake. Mzee Ngassa alikuwa mfugaji, na kwake mali ni kitu chenye kwato, kitu unachoweza kukipigia mluzi jioni kikarudi. Samaki wadogo kuliko kidole, wasioliwa wala kuuzwa, wanaotazamwa tu, kwake walikuwa mchezo wa watu walioshiba.

"Litazibwa, baba," alijibu Eufrasia.

"Na nani?"

Kule uani walikuwa wamesikia. Mama aliangalia uji wake. Shangazi Scola, dada wa mzee, aliyehamia pale tangu alipofiwa na mumewe, alikohoa kikohozi kisichokuwa na mafua. Wote walijua kwamba Bariadi nzima ina fundi mmoja tu anayejua kuunga kioo kikashika maji, na wote walijua kwamba fundi huyo alitoka katika sebule ileile mwaka uliopita akiwa amevaa suti, na hakurudi tena.

"Na fundi," alisema Eufrasia, akaenda kutafuta bodaboda.

Alikaa nyuma ya pikipiki ndoo ikiwa mapajani, tangi tupu limefungwa kwa mpira nyuma yake. Dereva alichungulia ndani ya ndoo akauliza kama siku hizi dagaa wanauzwa wakiwa hai. Eufrasia alimwambia akwepe mashimo na asiulize maswali. Njia nzima alikuwa ameutia mkono mmoja majini ili yasirushwe sana, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Leo atasema. Hakuwa amevunja kioo kwa makusudi, Mungu ni shahidi, lakini kwa kuwa kimevunjika, basi leo atamwambia fundi huyo, Danford, jambo ambalo angepaswa kumwambia zamani.

Mapenzi yao yalianzia palepale Nyakabindi, kwenye viwanja vya Nane Nane. Danford alikuwa ameleta madirisha yake ya aluminiamu, na ili watu wasimame bandani kwake aliweka tangi dogo la kioo lenye furu wadogo kutoka kwao Kalemela, wale wanaokaa kwenye mafunjo kandokando ya ziwa, ambao wavuvi huwatia kwenye ndoana kama chambo. Watu walisimama kweli. Waliangalia samaki mpaka wakatosheka, wakaondoka bila hata mmoja kuuliza bei ya dirisha. Eufrasia alikuwa banda la pili, akiuza dawa za kuogeshea ng'ombe za duka alilokuwa ameajiriwa. Siku ya tatu alishindwa kuvumilia, akaja kutaka kununua, akanyooshea kidole wawili waliokuwa waking'aa kuliko wote, bluu na dhahabu, wenye doa jekundu kwenye ncha ya pezi la chini.

Danford alikataa kumuuzia. Alimweleza kwamba hao wote wawili ni madume, na madume wawili kwenye nyumba ndogo kama ile hawamalizi wiki bila mmoja kuokotwa amekufa. Akamfundisha kuchagua. Chukua dume mmoja, na majike zaidi ya mmoja ili asimwandame mmoja peke yake. Majike ni wale ambao macho yako yamewapita, wa rangi ya mchanga. Usimchukue anayejikunyata pembeni akihema haraka. Mchukue yule ambaye ukisogea, naye anasogea kwenye kioo kukuangalia wewe ni nani.

"Mimi nimesogea kwenye kioo tangu juzi," Eufrasia alisema. "Mbona sijachukuliwa?"

Alikuwa hajapanga kusema hivyo. Maneno yalimtoka tu, na Danford akaangusha kijiwavu chake ndani ya maji, akakitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jioni ile alimpa dume mmoja na majike wawili, na akaja mwenyewe nyumbani kumpangia tangi: mchanga mwembamba chini, majani ya ziwani nyuma, na vigae vya chungu kila pembe ili jike akichoshwa na dume apate pa kujificha. Alimwambia maji ya bomba yalale kwenye ndoo kwanza ndipo yatiwe, na chakula kiwe kidogo, kwa sababu samaki wa nyumbani wengi hufa kwa kushiba.

Mzee Ngassa hakumtaka. Alisema samaki hana zizi, na mtu wa ziwani leo anacho, kesho maji yamekipeleka. Mwaka mzima Eufrasia alibembeleza, mama akabembeleza, hata shangazi Scola akatia neno, mpaka mzee akasema haya, waje. Wakaja Danford na baba yake mdogo, Mayige, na wazee wawili wa Kalemela wenye kofia. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, bila mtu hata mmoja kumtukana mwenzake.

Karakana ya Danford ilikuwa Somanda, kando ya barabara ya kwenda Lamadi. Alikuwa ameinama akikata kioo, kalamu ya kukatia imetulia mkononi, na Eufrasia akangoja mpaka mkato ufike mwisho. Mtu anayekata kioo hashtuliwi. Danford aliponyanyua kichwa alimwangalia yeye, akaiangalia ndoo, akamwangalia tena yeye.

"Mwangaluka, ng'wana Ngassa," alimsalimia hatimaye kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Limepasuka."

Alilishusha tangi kwenye pikipiki mwenyewe, akapitisha kidole kwenye ufa, akauliza limegongwa na nini. Aliposikia ni gunia la pamba alicheka kidogo, kicheko kilekile cha zamani, halafu akakizima. Karakana ilikuwa imefagiwa vizuri kuliko Eufrasia alivyoikumbuka. Dirishani kulikuwa na pazia. Aliliona pazia lile, akajiambia kwamba hata wanaume hununua mapazia.

Danford alichuchumaa kwenye ndoo.

"Jike mwingine yuko wapi?"

"Alikufa wiki ileile mliyokuja. Mama alitoa vigae ili tangi lipendeze mbele ya wageni. Alisema vinaonekana kama takataka. Dume akamkimbiza, hakuwa na pa kujificha, na mimi wiki ile sikuwa naona kitu."

Danford alimtazama yule jike aliyebaki kwa muda, akageuza ndoo kidogo ili mwanga uingie, na uso wake ukabadilika.

"Huyu ameacha kula tangu lini?"

"Wiki hivi. Nilifikiri anaumwa. Nimemjaribu kwa kila kitu, hata viluwiluwi vya mbu, anavitazama tu. Nilitaka kumtia dawa."

"Usimtie dawa. Tazama hapa chini ya kidevu, palivyovimba. Ana mayai mdomoni." Sauti yake ilishuka, kama mtu aliyeingia chumba chenye mtoto aliyelala. "Hawa hawatagi wakaacha. Jike anayaokota yote anayatia mdomoni, anafumba, na hali kitu mpaka watoto waweze kuogelea. Ukimwona unadhani amesusa. Hajasusa. Ukimharakisha, ukamtisha, anayameza yote, na hapo huna samaki wala watoto."

"Na nimempakia kwenye pikipiki."

"Bado anayo. Huyu ni mvumilivu."

Eufrasia alikaa kwenye kigoda karibu na ndoo. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamemponyoka, likabaki moja tu.

"Danford, siku ile sikukataa."

Danford alikuwa ameshika bomba la gundi ya silikoni. Aliliweka chini.

"Baba yako alikuuliza mbele ya watu, unawafahamu wageni hawa? Ukanyamaza. Akakuuliza tena. Ukanyamaza tena. Ukaangalia sakafu."

"Nilikuwa nangoja mara ya tatu."

Alimweleza. Kwao, tangu kwa bibi mzaa baba, binti huulizwa mara tatu. Akijibu ya kwanza, ana njaa ya mume. Akijibu ya pili, amefundishwa la kusema. Ya tatu ndiyo sauti yake mwenyewe. Shangazi Scola alikuwa amemkalisha chumbani usiku wa kuamkia siku ile akayarudia hayo mpaka yakamkaa, na akamwonya kwamba akifungua mdomo mapema atamvunjia baba yake heshima, naye baba ndiyo kwanza amelainika. Basi alikaa pale kwenye mkeka, ameinamisha kichwa, jibu limemjaa mdomoni. Akasikia viti vinasogezwa. Aliponyanyua macho aliona mgongo wa suti unatoka mlangoni.

Danford alijifuta uso kwa mkono wenye vumbi la kioo, kosa ambalo fundi halifanyi.

"Baba mdogo alinishika mkono," alisema. "Kwetu mtu akinyamaza mara mbili amekataa. Alininong'oneza, inuka mwanangu, wasije wakatutamkia. Alifikiri ananifichia aibu."

"Na mimi nikafikiri hukuwa unataka sana. Shangazi aliniambia, mwanamume anayetaka atarudi."

"Mimi nikasema, mwanamke anayetaka atapiga simu."

Waswahili husema kimya nacho ni jibu. Tabu ni kwamba hawakusema ni jibu gani. Wawili hawa, watu wazima, wenye simu mkononi na namba kichwani, walikuwa wamekaa mji mmoja muda wote ule, kila mmoja akiulinda ukimya wake kama mali. Eufrasia alikuwa akipita barabara ya nyuma ili asiione karakana. Danford alikuwa amehamishia kwingine ununuzi wa chanjo za kuku za mama yake ili asiingie duka alilofanyia kazi Eufrasia. Sasa walitazamana juu ya ndoo, na Eufrasia akaona midomo ya Danford inafunguka kusema jambo, na mwili wake wote ukalingoja.

"Hodi humu ndani," ilisema sauti ya mwanamke.

Aliingia na hotipoti mbili zilizofungwa kwa kitambaa, msichana mrefu mwenye sare ya mwalimu na chaki kwenye mkono wa blauzi. Alimwona Eufrasia, akatabasamu bila hila yoyote, akamsalimia kwa kumpa mikono miwili. Alisema anaitwa Precious, ni mtu wa Maswa, anafundisha shule ya jirani, na kwamba yeye ndiye mwenye kubeba matatizo ya huyu bwana. Alisema hilo la mwisho kwa utani, huku akimpangusa Danford vumbi shavuni kwa ncha ya kitambaa, na Eufrasia akajua pazia limetoka wapi.

"Huyu ni Eufrasia," Danford alisema. "Tangi lake limepasuka."

Ndivyo alivyotambulishwa. Hakumlaumu. Angesema nini kingine?

Precious hakukubali mgeni aondoke bila kula. Alichukua jagi, akammiminia Eufrasia maji mikononi, akamwekea wali na maharage na kipande cha samaki kwenye mfuniko wa hotipoti, kwa kuwa sahani hazikutosha. Katika maongezi, bila mtu kumuuliza, alieleza kwamba wazee wa Kalemela walishafika Maswa, wakapokewa vizuri, na harusi itakuwa pamba ikishauzwa. Alisema alipoitwa mbele ya wageni alijibu upesi mpaka mama yake akamfinya. Alicheka sana kwa hilo. Danford alikuwa akilitazama tonge lake.

"Sasa dada, wewe unayewafuga, nisaidie," Precious alisema. "Ameniahidi samaki kama hawa. Tangi lenyewe lile pale pembeni, alikuwa nalo siku nyingi limejaa mabomba ya gundi. Sijui alimkatia mtu gani akamkimbia."

Eufrasia aligeuka akalitazama. Lilikuwa refu, la kioo kinene, pembe zake zimeungwa kwa uangalifu ambao fundi hautumii kwa mteja. Aliujua urefu ule. Aliupima yeye mwenyewe kwa khanga yake, kwenye ukuta wa sebule ya nyumba ambayo Danford alikuwa akiijenga, siku waliyosimama kwenye chumba kisicho na bati wakabishana tangi likae upande gani ili jua la jioni lisilipige. Ilikuwa khanga moja na shubiri. Kwa hiyo alilikata. Alilikata kabla ya kuja kuposa, na baadaye hakuweza kuliuza wala kulivunja.

Alikunywa maji.

"Chukua dume mmoja tu," alimwambia Precious. "Hata wakikupendeza wawili, chukua mmoja."

"Mmoja. Na majike?"

"Watatu, kwa tangi kubwa kama hilo. Usiwachague kwa rangi. Angalia yule anayekuja mwenyewe kwenye kioo ukisogea." Aliendelea, na sauti yake haikutikisika, jambo ambalo baadaye alijishangaa nalo. "Uweke vigae vya chungu. Na usivitoe, hata wageni wakija. Wakisema takataka, waache waseme. Jike akiacha kula usimtie dawa, usimguse. Mpe muda wake. Halafu tangi liweke upande ambao jua la jioni halilipigi."

"Kumbe mwalimu ni wewe," Precious alisema.

Kengele ya shule ilisikika, akakusanya vyombo vyake haraka. Alimkumbatia Eufrasia, akamwambia aje harusini, asione haya, kadi atampelekea mwenyewe. Danford alimwacha avuke barabara mpaka upande wa pili, ndipo akaongea, na alipoongea hakumtazama Eufrasia bali ndoo.

"Ningejua."

"Hukujua. Na mimi sikujua."

"Chukua lile tangi. Nililikata kwa ajili yako."

"Limeshaahidiwa mtu."

"Eufrasia."

"Ziba hili langu, Danford. Linanitosha."

Danford alivuta kigoda, akaketi mbele yake, karibu mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Alikuwa na harufu ya gundi na sabuni ya kipande, harufu ambayo Eufrasia alikuwa ameilalia na kuiamkia katika mawazo yake kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa yamejaa, na hakuyaficha.

"Bado mara moja," alisema. "Baba yako hakuimaliza. Nitaimalizia mimi. Eufrasia ng'wana Ngassa, unawafahamu wageni hawa?"

Hapakuwa na wageni. Palikuwa na mwanamume mmoja mwenye vumbi la kioo nguoni, na samaki wawili kwenye ndoo. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa palepale lilipokuwa siku ile, halijachakaa hata kidogo, neno moja tu, na Eufrasia alijua kwamba akilitamka, mtu huyu atasimama leo hii aende Maswa kuvunja kila kitu. Alikuwa anampenda. Hakuwahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile. Lakini mikono yake ilikuwa bado ina unyevu wa maji aliyomiminiwa na Precious, na tumboni mwake kulikuwa na wali wa Precious. Binti yule alijibu upesi alipoulizwa. Kosa lake lilikuwa lipi?

Eufrasia aliinamisha kichwa, akaangalia sakafu iliyofagiwa, akafumba mdomo.

Danford alingoja. Safari hii hakuna aliyemshika mkono, na alingoja muda wote ambao mtu anaweza kungoja. Lori la pamba lilipita barabarani likatikisa vioo ukutani, vikatulia. Mwishowe alisimama, akachukua bomba la gundi, akaanza kukwangua ufa kwa wembe, mkono wake ukifanya kazi ambayo macho yake hayakuwa yakiiona vizuri. Alisema gundi inahitaji kukauka, tangi atalituma kesho kwa bodaboda. Alisema usiku huu samaki wakae kwenye beseni pana lenye kivuli na kigae. Alisema baada ya hapo jike ahamishwe mara moja tu.

"Wabeja," alishukuru Eufrasia.

Alirudi Nyakabindi kwa mwendo wa pole, ndoo mapajani. Alilia kuanzia mnadani mpaka karibu na nyumbani, kilio kisicho na sauti, na dereva wa bodaboda alikuwa na busara ya kutouliza kuhusu dagaa.

Tangi lilikuja kesho yake kama ilivyoahidiwa, limezibwa, na ndani yake, juu ya karatasi, kulikuwa na vigae vipya vya chungu vilivyosuguliwa ncha visimkate samaki. Hapakuwa na kitu kingine. Eufrasia alivipanga kila pembe. Shangazi Scola alimsaidia kubeba maji, hakutania wala hakuuliza, na walipomaliza alimshika bega akasema, "Nilikufundisha nilichofundishwa, mwanangu," kisha akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Jike hakula siku ile, wala siku zilizofuata. Alikonda mpaka kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili. Halafu jioni moja, magunia yakiwa yameshapelekwa mnadani na sebule imebaki wazi, Eufrasia alikuwa amekaa sakafuni mbele ya tangi na baba yake ameketi kwenye kiti chake akisubiri taarifa ya habari redioni, pale jike alipojitokeza nyuma ya kigae, akasimama katikati ya maji, akafungua mdomo.

Walitoka wachache kwanza, wadogo kama punje za ulezi, kisha wengi. Walizunguka mbele ya uso wake kama hawaamini. Mzee Ngassa alikohoa, na kwa kikohozi hicho wote wakageuka, wakarudi ndani ya mdomo wa mama yao, naye akaufumba.

Mzee alisogeza kiti. Akasogeza tena. Mwishowe aliinuka, akaja kuchuchumaa kando ya binti yake, magoti yakilia, uso karibu na kioo. Walikaa hivyo mpaka jike akafungua mdomo tena.

"Kumbe nao wana zizi," alisema.

Mzee aliendelea kuwaangalia watoto wa samaki, na alipoongea tena alikuwa na sauti ambayo binti yake hakuizoea.

"Ng'wanone, mwanangu, siku ile nilikuwa nimeshakubali. Nilikuwa nimeshakubali tangu asubuhi. Mara ya tatu ilikuwa ulimini, nilimeza mate tu kwanza, wakainuka."

Redio ilianza kupiga muziki wa habari. Hakuna aliyekwenda kuipandisha sauti. Eufrasia aliweka kidole kwenye kioo, na yule jike, mwembamba, amechoka, akasogea kumwangalia.

"Nawafahamu, baba," alisema.

Baba yake hakumuuliza ni akina nani.